Kutoka sukari hadi ugavana: Safari za Kidero na Obado, Homa Bay na Migori

Ukitoka Rongo kuelekea mji wa Migori kwa barabara kuu iendayo Isebania, utaijua Awendo kabla hujafika. Trekta zilizosheheni miwa hupanga foleni kando ya lami, na harufu ya molasi imetanda hewani. Hapa ndipo kilipo kiwanda cha South Nyanza Sugar, ambacho wenyeji hukiita Sony tu, kampuni iliyoanzishwa 1979 na ambayo imesomesha watoto wengi wa eneo hili.

Kwa mkulima wa Ranen, Uriri au Ndhiwa, muwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu, wakati mwingine zaidi, kabla ya kukatwa. Ukishapelekwa kiwandani, huanza kungoja kwa aina nyingine: kungoja malipo. Imewahi kupita miezi, muhula mzima wa shule, mkulima hajaiona pesa ya muwa uliokwisha kuwa sukari, ukauzwa na kunywewa katika chai.

Ni katika sekta hii, yenye pesa nyingi huku juu na machozi mengi kule chini, walikotoka wanaume wawili ambao maisha yao yanaeleza siasa za Nyanza Kusini tangu ugatuzi uanze. Dkt Evans Kidero alikuwa mkurugenzi mkuu wa kampuni ya Mumias. Zachary Okoth Obado alikuwa mwenyekiti wa Bodi ya Sukari ya Kenya.

Wote wawili waliiacha sukari wakaingia siasani kuelekea uchaguzi wa Machi 4, 2013. Wote walishinda ugavana siku hiyo hiyo, Obado nyumbani kwake Migori, Kidero jijini Nairobi. Wote walibwagwa na Mahakama ya Rufaa, kisha wakarudishiwa viti na Mahakama ya Juu mwaka wa 2014. Kidero alipokuja kuomba kura za watu wa kwao Homa Bay mnamo 2022, alikataliwa.

Safari hizo mbili zinaacha swali ambalo wapiga kura wa kaunti hizi mbili watakumbana nalo tena mwaka ujao wa uchaguzi: mtu wa biashara akipewa kaunti, ni nani anayemsimamia?

Pesa zilipofika mashinani

Migori na Homa Bay zilikuwa wilaya moja, Nyanza Kusini, na makao yake makuu yalikuwa mji wa Homa Bay, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Migori ilimegwa miaka ya 1990. Katika sensa ya 2019, Homa Bay ilikuwa na watu 1,131,950 na Migori 1,116,436. Ni kama pacha.

Kabla ya 2013 mkubwa wa eneo alikuwa mkuu wa mkoa, mtumishi aliyeteuliwa na kutumwa kutoka Nairobi. Mwanasiasa wa hapa aliyetaka jina alitafuta ubunge, kisha akaomba Mungu ampe uwaziri. Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo. Iliamuru kaunti zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na ikaweka kitita hicho chini ya gavana aliyechaguliwa.

Kila moja ya kaunti hizi sasa hupokea takriban shilingi bilioni 8 kwa mwaka kama mgao wa mapato ya taifa. Hakuna mwajiri, kiwanda wala mfanyabiashara wa hapa anayeukaribia mfuko huo. Zahanati, barabara za vijijini, masoko, shule za chekechea, maji: zote hutoka humo. Zabuni nazo hutoka humo humo.

Basi si ajabu kwamba watu waliokuwa wameshika vyeo vikubwa katika kampuni na mashirika walianza kuutazama ugavana kwa macho mapya. Kiti hicho kilihitaji mtu wa kusimamia mabilioni, na wao walikuwa wamewahi kusimamia mabilioni. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na bado inao.

Mfamasia aliyeingia kwenye miwa

Kidero alizaliwa 1957, na kwao ni Asumbi, eneo la Rangwe, Homa Bay, mahali panapojulikana kwa misheni ya Kikatoliki na shule zake. Alisoma Shule ya Upili ya Mang'u, kisha Chuo Kikuu cha Nairobi alikosomea ufamasia. Alifanya kazi katika kampuni za dawa na kupanda ngazi za umeneja, hadi 2003 alipokabidhiwa Mumias.

Mumias wakati huo haikuwa kiwanda cha kawaida. Ndiyo iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote za sukari nchini, na hisa zake ziliuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi kuanzia 2001. Walimu, wauguzi na wakulima wa Magharibi na Nyanza walinunua hisa hizo kama akiba ya uzeeni.

Chini ya Kidero kampuni ilipanuka nje ya sukari. Mwaka wa 2009 mtambo wa kuzalisha umeme kwa makapi ya miwa ulianza kuiuzia gridi ya taifa megawati 26. Kiwanda cha ethanoli kikafuata. Magazeti ya biashara yalimsifu, na sifa hizo ndizo zilizomfungulia mlango wa siasa. Alipotangaza kuwania ugavana wa Nairobi, alijinadi kwa jina la meneja.

Kilichotokea Mumias baada yake kimemfuata hadi leo. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2013, kampuni ilitangaza hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 1.6. Haikuinuka tena. Septemba 2019 benki ya KCB iliiweka chini ya meneja mrasimu, na hisa za wale walimu na wauguzi zikabaki karatasi.

Kidero ameshikilia kwamba aliiacha kampuni ikipata faida na kwamba walioiangusha ni waliokuja baadaye. Wakosoaji wake wanasema mzizi wa anguko ulipandwa katika miaka yake, kwa mikopo ya upanuzi na jinsi sukari ilivyouzwa na kuagizwa. Ukweli mmoja haupingwi na upande wowote: mkulima wa miwa hakuulizwa maoni yake kampuni ilipokuwa ikipanda, wala hakulindwa ilipoporomoka.

> Mkulima wa miwa hakuulizwa maoni yake kampuni ilipokuwa ikipanda, wala hakulindwa ilipoporomoka.

Miaka mitano Jijini

Nairobi ilimpa Kidero kura 692,490 dhidi ya 617,839 za Ferdinand Waititu. Waititu alienda mahakamani, akashindwa Mahakama Kuu, akashinda katika Mahakama ya Rufaa, na Agosti 2014 Mahakama ya Juu ikamrudishia Kidero kiti.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko alivyotarajia, kama inavyoonekana kwa matokeo. Alirithi madeni makubwa ya lililokuwa Baraza la Jiji. Alipambana na takataka, wachuuzi, matatu na madiwani wake mwenyewe. Mwaka wa 2015 aliweka mapipa ya zege katika mizunguko ya barabara ili kupunguza msongamano, na wakazi wakayaita mapipa ya Kidero, jina lililobaki hata baada ya mapipa kuondolewa.

Mwaka wa 2017 Mike Sonko, mwanasiasa aliyejua kuzungumza na vijana wa mitaani kwa lugha yao, alimwondoa. Agosti 2018 Kidero alifikishwa mahakamani pamoja na watu wengine waliokuwa maafisa wa kaunti kuhusu fedha za jiji. Alikana mashtaka.

Nakaa kwenye kipindi hiki kwa sababu ndicho kilichobeba mizigo yote aliyorudi nayo Homa Bay. Sifa za meneja zilikuwa bado zipo, ila sasa zilikuwa na rekodi ya kupimwa nayo.

Tikiti ya chama, au jina la mtu

Homa Bay ya 2022 ilikuwa kaunti iliyochoka. Gavana wa kwanza, Cyprian Awiti, alikuwa anamaliza vipindi vyake viwili. Ushindi wake wa 2017 ulikuwa umebatilishwa na Mahakama Kuu ya Homa Bay mnamo Februari 2018 kwa ombi la Oyugi Magwanga, Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi huo, na Februari 2019 Mahakama ya Juu ikamrudisha. Kwa muda mrefu wa kipindi hicho kaunti ilikaa ikisubiri majaji.

Kidero aliona nafasi. Alikuwa mtoto wa Asumbi, mwenye jina la kitaifa na uwezo wa kuendesha kampeni bila kumngoja mfadhili. Hoja yake kwa wapiga kura ilikuwa ile ile ya Nairobi: tuondoke kwenye porojo, tujenge uchumi wa samaki, pamba, miwa na utalii wa ziwa.

Lakini Homa Bay ina mlango ambao kila mgombea lazima aupitie, nao ni chama cha ODM. Kiongozi wake, Raila Odinga, ambaye wakazi wa hapa walimwita Baba hadi siku yake ya mwisho, alikuwa anawania urais kwa mara ya 5. Chama hakikutaka mchujo ambao ungeacha majeraha. John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa chama na mbunge wa Suba Kusini, aliacha ndoto yake ya ugavana. Magwanga, yule yule aliyekuwa amempeleka Awiti mahakamani, akakubali kuwa mgombea mwenza. Cheti cha moja kwa moja kikamwendea Gladys Wanga.

Wanga hakuwa mgeni. Alikuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Homa Bay kwa vipindi viwili na mwenyekiti wa Kamati ya Fedha katika Bunge la Taifa. Wanaodai kwamba alibebwa na chama tu wanasahau kwamba alikuwa amezunguka kila wadi ya kaunti hii kwa miaka 9, akiwajua viongozi wa makundi ya akina mama kwa majina.

Kidero aliamua kusimama kama mgombea huru. Hapo alipaswa kufanya kitu kigumu sana katika siasa za Nyanza, yaani kumwomba mpiga kura ampe Raila urais kisha amnyime mgombea wa Raila ugavana. Upande wa ODM ulihimiza suti nzima, vipande 6 kutoka kwa diwani hadi rais, bila kushona kiraka cha rangi nyingine.

Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilipotangaza matokeo, Wanga alikuwa na kura 244,559 na Kidero 154,182. Viti vyote 8 vya ubunge vya Homa Bay vilienda ODM. Kidero alienda mahakamani na ombi lake likatupwa.

Wengi walizisoma nambari hizo kama anguko la Kidero. Mimi naziona tofauti. Watu zaidi ya 150,000, katika ngome ya ODM na katika mwaka ambao Raila mwenyewe alikuwa kwenye karatasi ya kura, walipita kando ya mgombea wa chama. Hao hawakuwa wote wa Asumbi na Rangwe. Walikuwa wakazi waliotaka kusikia hoja ya uchumi, na ambao hawakupata nafasi ya kuisikia ikijibiwa, kwa sababu kampeni nzima ilikuwa juu ya nani ni mtu wa Baba na nani si wake.

> Watu zaidi ya 150,000, katika ngome ya ODM, walipita kando ya mgombea wa chama.

Wanga akawa gavana wa kwanza mwanamke wa Homa Bay. Kidero aligeukia upande wa Rais William Ruto. Machi 2023 alitajwa miongoni mwa makatibu waandamizi 50 wa wizara, na Julai mwaka huo Mahakama Kuu ikasema ofisi hizo ziliundwa kinyume cha Katiba.

Obado: aliyekishinda chama

Ng'ambo ya mpaka wa kaunti, Migori ilikuwa imetoa jibu tofauti miaka 9 kabla.

Mwaka wa 2013 ODM ilimpa cheti Profesa Edward Akong'o Oyugi, msomi wa saikolojia aliyewahi kuwekwa kizuizini kwa sababu ya siasa wakati wa utawala wa KANU. Ni mtu ambaye heshima yake haikuwa na shaka. Obado, mwana wa Uriri aliyejulikana kwa wakulima kupitia bodi ya sukari, alikataa kukaa kando. Akachukua tikiti ya chama kidogo, People's Democratic Party, akazunguka vijijini.

Alishinda. Katika Nyanza ya Waluo, ambapo kushindwa kwa ODM kwenye kiti kikubwa kulikuwa jambo la kuhesabika kwa vidole, ushindi wake ulitikisa. Profesa Oyugi alipinga matokeo. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, nayo ikamrudishia Obado kiti.

Kwa nini Migori ilithubutu na Homa Bay haikuthubutu? Sababu moja ni ramani. Migori ina Wakuria upande wa Kehancha na Isebania, ina jamii za Waswahili, Wasomali na Waluhya mijini, na biashara ya mpakani na Tanzania. Gavana wa hapa hahesabu kura za Waluo pekee. Sababu nyingine ni miwa yenyewe. Mtu aliyekuwa amekaa katika meza inayojadili bei ya muwa alikuwa na mtandao wa wakulima Awendo, Uriri na Rongo ambao hakuna tawi la chama lililoufikia.

Obado alirudi ODM, na 2017 akatetea kiti chake kwa tikiti yake, akimshinda Ochilo Ayacko, waziri wa zamani. Ayacko aliupata useneta kwa uchaguzi mdogo wa Oktoba 2018, na 2022 akawa gavana.

Kipindi cha pili cha Obado kilitawaliwa na mahakama. Septemba 2018 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, msichana kutoka Homa Bay, aliuawa akiwa mjamzito, na gavana akashtakiwa pamoja na wengine. Obado alikana. Jina la msichana huyo lilitangazwa vya kutosha na familia yake imeteseka vya kutosha, kwa hiyo sitalirudia hapa.

Agosti 2020 alishtakiwa tena, safari hii katika mahakama ya ufisadi pamoja na jamaa zake, kuhusu malipo ya kaunti kwa kampuni zilizopata zabuni. Alikana vilevile. Shtaka si hukumu, na msomaji anapaswa kulishika hilo. Lakini athari kwa kaunti ilikuwa ya papo hapo: mahakama ilimzuia kuingia ofisini, na naibu wake, Nelson Mahanga Mwita, akalazimika kushika usukani.

Kampuni si kaunti

Wanaotetea watu wa biashara siasani wana hoja tatu, nami naziheshimu. Mtu aliyelipa mishahara anajua thamani ya muda. Mtu aliyefanikiwa kabla ya kuchaguliwa hana njaa ya kuiba. Na kaunti inahitaji kuvutia wawekezaji, kazi ambayo mwanaharakati au mwalimu mstaafu huenda haijui.

Hoja ya pili ndiyo dhaifu kuliko zote. Utajiri haujawahi kumzuia mtu kutaka zaidi, na mwenye kampuni tayari ana chombo cha kupokelea pesa. Kwake mgongano wa maslahi uko mlangoni tangu siku ya kuapishwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote nchini haukutoka Nyanza bali Samburu. Gavana Moses Lenolkulal alikuwa na kituo cha mafuta. Kaunti yake ikawa inanunua mafuta hapo, kwa miaka kadhaa, kwa zaidi ya shilingi milioni 80. Julai 2019 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba gavana anayeshtakiwa kwa ufisadi hapaswi kuendelea kukaa katika ofisi anayodaiwa kuitumia vibaya. Uamuzi huo ulibadilisha maisha ya magavana wote nchini, akiwemo Obado mwaka mmoja baadaye. Agosti 2024 Lenolkulal alipatikana na hatia.

Alichofanya Lenolkulal hakikuhitaji ujanja. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka wa kusema hapana.

Katika kampuni, mtu huyo yupo. Mkurugenzi mkuu huajiriwa na bodi na anaweza kufutwa kwa mkutano mmoja, ingawa Mumias inaonyesha kwamba hata bodi hulala. Gavana anasimamiwa na bunge la kaunti, yaani madiwani. Na diwani anaitegemea ofisi ya gavana kwa barabara ya wadi yake, kwa ajira ya vijana wake, na mara nyingi kwa ahadi ya cheti cha chama uchaguzi ujao.

Hapa ndipo siasa za tikiti zinapogeuka kuwa suala la zahanati na barabara. Gavana na madiwani wakitoka chama kimoja, wote wakiwa na deni kwa kiongozi mmoja, usimamizi unabaki kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali, ambaye ripoti yake hufika pesa zikiwa zimeshatumika.

> Gavana na madiwani wakiwa na deni kwa kiongozi mmoja, usimamizi unabaki kwa mkaguzi anayefika pesa zikiwa zimeshatumika.

Mwathiriwa wa kwanza wa hali hii mara nyingi ni mfanyabiashara mdogo mwenyewe. Kijana wa Oyugis au Mbita anachukua mkopo, anapeleka madawati au kukarabati zahanati, kisha anakaa miaka bila kulipwa kwa sababu faili yake haina mwenyewe ofisini. Madeni ya wanakandarasi yamekuwa donda katika kaunti nyingi nchini. Mwenye jina hulipwa mapema. Asiye na jina hufilisika, na benki huja kuchukua shamba la babake.

Sheria za kuzuia haya zipo. Kifungu cha 77 cha Katiba kinamkataza afisa wa serikali wa muda wote kufanya kazi nyingine ya kumpa mapato. Sheria ya Ununuzi ya 2015 inawakataza maafisa wa umma kuingia mikataba na taasisi zao. Julai 30, 2025 Rais Ruto alitia saini Sheria ya Mgongano wa Maslahi, iliyokaa bungeni kwa muda mrefu na kuvutwa huku na huku. Kwenye makaratasi Kenya imejikinga. Tatizo ni kampuni iliyosajiliwa kwa jina la shemeji, dereva au mwanafunzi mwenza.

Baada ya Baba

Raila Odinga alifariki Oktoba 15, 2025 nchini India. Kwa Nyanza Kusini, kifo hicho kiliondoa mtu aliyekuwa na neno la mwisho juu ya nani apewe nini. Nduguye, Oburu Oginga, alichukua uongozi wa chama. Wanga alikuwa tayari mwenyekiti wa kitaifa wa ODM tangu 2024, baada ya Mbadi kuwa Waziri wa Fedha.

Mtihani wa kwanza ulikuja Novemba 27, 2025 huko Kasipul, Homa Bay. Mbunge Charles Ong'ondo Were alikuwa ameuawa kwa risasi jijini Nairobi mnamo Aprili 30 mwaka huo. Mwanawe, Boyd Were, alisimama kwa tikiti ya ODM dhidi ya mgombea huru aliyetoka katika biashara. Kampeni zilimwaga damu. ODM ilishinda.

Kuna wanaosema Kasipul imethibitisha kwamba chama kingali imara hata bila mwasisi wake. Wengine wanasema kura za huruma kwa mtoto aliyefiwa na babake hazipimi chochote. Mimi naona hatari moja iliyo wazi. Neno la Baba lilikuwa linazima mashindano kabla hayajaanza, kwa uzuri na kwa ubaya wake. Likiondoka, kinachobaki ni pesa. Mwenye lori za kusomba watu, mwenye fulana na unga wa kugawa, mwenye vijana wa kulipwa kwa siku, ataingia 2027 akiwa na nguvu kuliko alivyowahi kuwa.

Wakati huo huo uchumi wa eneo unabadilika mikono. Mwaka wa 2025 serikali ilikodisha viwanda vyake 4 vya sukari kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 30, na Sony ya Awendo ikaenda kwa Busia Sugar Industry. Viwanda binafsi vya Ndhiwa na Trans Mara vilikuwa tayari vinagombania miwa ya wakulima hawa. Homa Bay nayo iliandaa Madaraka Dei ya Juni 1, 2025, na kauli mbiu ilikuwa uchumi wa majini: samaki wa vizimba, bandari ndogo, utalii wa visiwa vya Rusinga na Mfangano.

Maana yake ni kwamba pesa nyingi zaidi zitapita Homa Bay na Migori katika miaka 10 ijayo kuliko zilizowahi kupita. Leseni za vizimba ziwani, ardhi za maghala, vibali vya machimbo ya dhahabu Nyatike, kandarasi za barabara za miwa: nyingi zitahitaji saini au baraka za kaunti. Wenye kampuni watataka ugavana, na watataka udiwani pia.

Tuwaulize nini

Sisemi wafungiwe mlango. Homa Bay ilikuwa na haki ya kumsikiliza Kidero, na Migori haikukosea kuiambia ODM mwaka wa 2013 kwamba cheti si amri. Kosa limekuwa kuwapima watu hawa kwa ukoo, kwa chama na kwa ukubwa wa harambee, huku swali la biashara zao likiachwa lijibiwe na mahakama miaka mingi baadaye, wakati zahanati imeshakosa dawa.

Mgombea aliyetoka biasharani aje hadharani, kabla ya kura, na orodha ya kampuni zake, za mke au mumewe na za watoto wake. Aseme ni zipi zimewahi kufanya kazi na kaunti. Aseme nani atazishika akichaguliwa, na aahidi kwa maandishi kwamba hazitaomba zabuni Migori wala Homa Bay akiwa ofisini. Akiwa amewahi kuongoza shirika, aeleze alivyolikuta na alivyoliacha, kwa nambari. Akiwa ameshtakiwa, aeleze kesi imefika wapi.

Maswali hayo yaulizwe katika vikao vya ushirikishaji wa umma Rongo na Kendu Bay, makanisani, katika redio za Dholuo na Kikuria, katika mikutano ya wavuvi Sori na Sindo. Madiwani nao waulizwe ni ripoti gani ya Mkaguzi Mkuu waliyowahi kuijadili hadi mwisho. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba mikataba ya kaunti. Mkulima wa miwa wa Awendo anayo haki hiyo sawa na wakili wa Nairobi, na makundi ya kijamii ya hapa yanapaswa kuanza kuitumia sasa, kabla mabango hayajabandikwa.

Uchaguzi mkuu ni Jumanne, Agosti 10, 2027.